Baraza la Wazazi: Kijana Atakaye Udaktari na Mali ya Nyumba



Ndugu wasomaji, mwezi huu tumeletewa swali na mzazi mmoja wa vijiji vya hapa Bariadi. Swali lake ni la nyumba moja, lakini jawabu lake twaona litawafaa wengi. Binti yake amemaliza kidato cha sita katika masomo ya Fizikia, Kemia na Baiolojia. Alipata D katika Kemia, D katika Baiolojia, na E katika Fizikia. Moyo wake tangu utotoni ni udaktari. Wakala mmoja amemwambia baba kwamba akitoa fedha mapema, binti atapelekwa nchi ya nje kusoma mwaka mmoja wa matayarisho, kisha aingie udaktari moja kwa moja. Mjomba wa binti asema aanze na stashahada ya utabibu hapa nchini. Mama ataka arudie mtihani. Baba ana ng'ombe kumi na wanane na shamba la pamba alilorithi kwa babake, naye atuuliza: je, auze?

Kabla ya kujibu, yafaa tuseme neno juu ya kazi yenyewe. Wanavyuoni wetu wameuhesabu utabibu kuwa ni faradhi ya kutoshelezana, yaani wakiufanya baadhi ya watu, wengine husamehewa, na wakiuacha wote, dhambi huwa juu ya wote. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, aliwalaumu watu wa zama zake waliokimbilia fikihi kwa wingi, ilhali miji mingine haikuwa na tabibu Muislamu hata mmoja. Lawama hiyo ina zaidi ya miaka mia tisa, wala haijachakaa. Basi binti anayetaka kuwa daktari hakuomba anasa. Ameomba kubeba sehemu ya mzigo wetu sote, na wanawake wetu wanaoona haya kufunuliwa mbele ya mwanamume ndio watakaomshukuru zaidi.

Lakini nia njema haiondoi wajibu wa hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi ambao kusoma kwetu kulikuwa ni kwa chuo cha Kurani na shule ya msingi, hatudai kuijua sayansi ya binti huyu. Lakini miaka mingi tumekaa na wazazi wa wanafunzi wetu tukisoma pamoja nao fomu na masharti, na hapo tumejifunza kwamba nyumba nyingi hazidhuriki kwa umaskini peke yake. Hudhurika kwa kulipa kabla ya kuuliza.

Sheria yenyewe yasemaje? Shahada ya udaktari hapa Tanzania huchukua miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iitwayo TCU, hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo. Kwa aliyetoka kidato cha sita, kitabu hicho kimekuwa kikitaka ufaulu katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, na jumla ya pointi zisizopungua sita. D ni pointi mbili, na E ni pointi moja. Binti huyu basi ana tano. Amepungukiwa na moja tu, lakini mlango haujui huruma ya kupungukiwa kidogo. Kwa aliyetoka katika stashahada ya utabibu, kitabu kimekuwa kikitaka wastani wa B, au GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa kidato cha nne katika masomo ya sayansi, hisabati na Kiingereza. Masharti yaweza kubadilika, kwa hiyo mzazi asitosheke na maneno yetu. Na akisome kitabu cha mwaka uleule anaoomba.

Hapa twaingia katika jambo hili la mwaka wa matayarisho, ambalo halikuanza kwetu. Huko Marekani mtu hawezi kuingia udaktari ila akiwa na shahada ya kwanza kwa kawaida, na wale ambao alama zao ni dhaifu huuziwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja au miwili, ya kuwatengeneza waonekane wenye nguvu mbele ya vyuo vya udaktari. Wako waliofaulu kwa njia hiyo. Wako pia waliomaliza na deni kubwa mikononi, na mlango wa udaktari haukufunguka, kwa sababu shahada ile haimwahidi mtu nafasi. Jambo ni lilelile, liwe Chicago au liwe Bariadi. Twaona kila njia ya matayarisho ipimwe kwa maswali matatu. La kwanza: inafungua mlango upi, na nani mwenye mlango amekubali kwa maandishi? La pili: mlango usipofunguka, mtoto atabaki na nini mkononi? La tatu: gharama yake yote ni ngapi, tangu siku ya kwanza hata siku ya kupata mshahara?

Tuzipime njia tatu za nyumba hii.

Njia ya mama, ya kurudia mtihani, ndiyo fupi na rahisi kwa fedha. Mwaka mmoja wa kurudia, mitano ya chuo, mmoja wa vitendo, jumla miaka saba. Lakini masomo haya yana mitihani ya vitendo. Mtoto hawezi kujifunza kupima kemikali kwa kusoma daftari chini ya mwembe. Akirudia, apelekwe penye maabara na mwalimu, la sivyo atapata alama zilezile kwa mara ya pili. Na mlango usipofunguka, hubaki na cheti kilekile cha kidato cha sita.

Njia ya mjomba ni miaka mitatu ya stashahada ya utabibu, mitano ya udaktari, na mmoja wa vitendo, jumla tisa. Ni ndefu. Lakini baada ya miaka mitatu ya mwanzo huwa ana kazi mkononi. Ni tabibu, aweza kusajiliwa na kutibu watu katika zahanati na vituo vya afya, hata kama hakupata udaktari maisha yake yote. Hatusemi kwamba ajira inamngoja mlangoni. Wako vijana wengi wenye vyeti vya afya ambao bado wanazitafuta kazi, na mzazi asidanganywe kwamba afya haina wasio na kazi. Hata hivyo cheti cha ufundi si sawa na mikono mitupu. Na wale ambao watoto wao wako kidato cha nne sasa, watazame vizuri: anayekwenda kidato cha tano na sita hutumia miaka minane mpaka mwisho, na anayepitia stashahada hutumia tisa. Tofauti ni mwaka mmoja tu.

Hapa tuna neno kwa wenzetu walimu wa madrasa na wazazi. Sharti la kuingia stashahada ya utabibu ni kufaulu kidato cha nne katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu lina thawabu yake na heshima yake, lakini hapo halihesabiwi. Mtoto aliyepata A katika dini akaanguka Kemia, mlango huu umemfungia. Tusiwaambie watoto kwamba moja litaziba pengo la jingine.

Njia ya wakala ni ile isiyojibu hata swali moja. Tulimwuliza baba: chuo gani kimeandika kwamba baada ya mwaka huo wa matayarisho mtoto ataingia udaktari? Hakuna karatasi. TCU imekitambua? Hajui. Mtoto asipochukuliwa atabaki na nini? Kimya. Ndugu msomaji, kwenda kusoma nje si haramu wala si aibu, na madaktari wazuri wamesoma nje. Lakini mwenye kwenda aombe kwanza TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi, na ajue kwamba akirudi, shahada yake itapimwa, kisha Baraza la Madaktari Tanganyika litamtahini kabla ya kumruhusu kugusa mgonjwa. Mtu aliyeingizwa kwa alama ambazo nchi yake haizikubali, aweza kurudi na shahada isiyomfaa kitu.

Na yako mambo ambayo hesabu haiyaoni. Vijana wengi wa Kiislamu wa Afrika Mashariki walikwenda Khartoum, katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika na vyuo vingine, wakapata elimu njema, na wengine kwa ufadhili. Mwezi wa Aprili 2023 vita vikazuka, na serikali yetu ikawarudisha Watanzania wapatao 200, wengi wao wakiwa wanafunzi, kwa njia ya Ethiopia. Mwaka uliotangulia, yaani 2022, wenzao waliokuwa Ukraine walikuwa wamekimbia vivyo hivyo. Hatusemi haya kuwatia watu hofu, kwani kadari ni ya Mwenyezi Mungu popote. Twasema ili mzazi ajue kwamba gharama ya mbali ina sehemu isiyoandikwa katika risiti.

Sasa tuje katika ada. Vyuo vya serikali vyenye udaktari, kama Muhimbili pale Dar es Salaam, ambako mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1963, na Chuo Kikuu cha Dodoma kilichofunguliwa mwaka 2007, kwa kawaida hutoza ada ndogo kuliko vya binafsi na vya mashirika ya dini. Vya pili ni kama Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi na Hubert Kairuki ya Dar es Salaam. Tarakimu hubadilika, basi kila mzazi azitafute kwa chuo chenyewe. Sisi tutafanya hesabu ya mfano tu, ya kufundishia.

Tuseme chuo cha kwanza chatoza ada ya shilingi 1,800,000 kwa mwaka, na cha pili 5,500,000. Chakula na malazi tuseme 3,000,000 kwa vyote viwili, na vitabu, bima ya afya, koti, vifaa na nauli 500,000. Bima ya mwanafunzi peke yake kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400. Chuo cha kwanza chataka 5,300,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitano 26,500,000. Cha pili chataka 9,000,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitano 45,000,000. Tofauti ni 18,500,000. Sisi watu wa Simiyu tuipime kwa kipimo chetu: kilo ya pamba ikiwa ni shilingi 1,000, hizo ni kilo 18,500. Na ekari moja ikitoa kilo 300, ni mavuno ya ekari zaidi ya sitini. Mzazi aliyesema "chuo ni chuo tu" na aizungushe tarakimu hiyo kichwani mara moja kabla ya kulala.

Wazazi wengi huogopa umbali. Husema Mwanza ni karibu, waondoka Bariadi asubuhi kupitia Lamadi na mchana umefika, ilhali Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja. Ni kweli. Lakini nauli ya safari nne kwa mwaka ni kitu kidogo ukiilinganisha na tofauti ya ada. Maisha ya mji ndiyo yatazamwe: kama chuo kina bweni, kama chumba cha kupanga ni ghali, kama mtoto ana jamaa wa kumtazama. Kwa binti, bweni salama lahesabiwa kuwa ni sehemu ya ada.

Wako pia wanaouliza kama yafaa mtoto wa Kiislamu kusoma Bugando, chuo cha maaskofu Wakatoliki, au KCMC ya Walutheri. Jawabu letu ni kwamba elimu ya tiba haina msalaba wala mwezi. Wagonjwa wa dini zote hutibiwa pale, na Waislamu wamesoma pale. La kuuliza ni kama ataweza kusali kwa wakati, kufunga Ramadhani na kuvaa hijabu yake kwa heshima. Ayaulize mapema kwa adabu. Na sisi wazazi, badala ya kunung'unika kwamba wenzetu wana hospitali na vyuo, tuulize mifuko yetu ya zaka na wakfu imesomesha madaktari wangapi.

Fedha hutoka wapi? Tushukuru kwamba ada ya shule za serikali iliondolewa, kwanza mpaka kidato cha nne mwaka 2016, kisha kidato cha tano na sita mwaka 2022. Mzigo sasa umekuja kukaa chuoni. Kwa wenye alama za juu kabisa katika sayansi, uko ufadhili wa serikali uitwao Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, nao si deni. Kwa wahitaji iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Posho yake ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 mpaka 10,000 kwa siku. Tangu 2023/24 Bodi hukopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, lakini kwa fani zilizotajwa tu. Mtu asidhani kwamba kila fani ya afya imo. Aitazame orodha ya mwaka wake.

Na riba? Swali hili huulizwa sana majumbani mwetu. Zamani mkopo wa Bodi uliongezewa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha, na wacha Mungu wengi wakajizuia. Mwaka 2021, katika sherehe za Mei Mosi zilizofanyika Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa, na faini ya asilimia 10 kwa waliochelewa ikaondolewa pia mwaka huohuo. Hilo ni jambo la kumshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini mkataba usainiwe baada ya kusomwa, na makato yoyote madogo yaliyomo yaulizwe kwa mashekhe wenye elimu. Suratul Baqara yatuamrisha kuandika deni. Je, la kuandikiwa tulisaini bila kulisoma?

Deni hili hulipwa kwa asilimia 15 ya mshahara wa mwajiriwa. Mwenye mshahara wa 1,500,000 atakatwa 225,000 kila mwezi. Akidaiwa zile 26,500,000 za mfano wetu, atalipa karibu miaka kumi. Kijana na ajue hivyo kabla ya kuoa, na mposaji naye ajue.

Deni jingine, hili la mitaani linaloitwa kausha damu, hatuna la kuliuliza. Ni riba iliyo wazi, na jina lake limesema kazi yake. Mzazi anayelipa ada kwa kausha damu amemnunulia mtoto elimu kwa fedha ya haramu, na mwisho wake ng'ombe wataondoka vilevile.

Sasa jawabu letu kwa mzazi huyu. Shamba usiuze. Shamba ni la watoto wote, na haki ya wadogo zake imo ndani yake. Wakala mwache. Binti ana alama nzuri za kidato cha nne. Basi na aombe stashahada ya utabibu katika chuo kilichosajiliwa na NACTVET, cha serikali kwanza. Ukilazimika, uza ng'ombe kwa kadiri ya ada ya mwaka mmoja mmoja, wala usiuze wote kwa mkupuo siku bei ikiwa chini. Na binti ajue tangu wiki ya kwanza kwamba GPA ya 3.0 ndiyo daraja lake. Akisoma kwa uvivu akapata 2.8, daraja limevunjika. Akishamaliza asikawie miaka mingi kama anataka mkopo, kwa kuwa Bodi hutazama pia muda uliopita tangu mwombaji kumaliza masomo yake.

Kama moyo wake wamwambia arudie mtihani, hatumkatazi, kwa sharti la maabara na mwalimu, na kwa mara moja tu.

Mama ametuuliza pembeni: miaka tisa, ataolewa lini? Twamjibu kwamba ndoa na elimu si maadui. Akija mchumba mwenye dini na tabia njema, mashurutiano ya kuendelea na masomo yasemwe mbele ya walii na mashahidi, yaandikwe, na yatimizwe. Mwanamume asiyeweza kuvumilia mke anayejifunza kuokoa roho za watu, afadhali ajulikane mapema.

Kwenu vijana, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Msione haya kuanza na utabibu, uuguzi au maabara, wala msiwadharau walioanza huko. Mgonjwa aliye hoi haulizi cheti chako kilipitia njia gani. Aangalia kama mkono wako unajua kazi na kama uso wako una huruma. Na nyinyi wazazi, shaurianeni na watoto wenu, salini istikhara, kisha chukueni kalamu mkae na karatasi. Istikhara haikuja kuondoa hesabu, wala hesabu haikuja kuondoa tawakali.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya kheri, awape rizki ya halali ya kusomea, na awafanye waponyaji wa waja wake. Amin.